Lita Ishirini na Sita

Kinyonga hakuwahi kuiba mafuta, na hilo ndilo lililomponza. Angekuwa mwizi kidogo tu kama wenzake, angesaini fomu, angekatwa vijisenti vyake na maisha yangeendelea. Lakini Mungu alimuumba na shingo ngumu, kisha kampuni ikamkabidhi lori la magurudumu ishirini na mbili, basi ndiyo hivyo tena.

Jina la Kinyonga alipewa na madereva wenzake kwa sababu ya mwendo wake. Miaka kumi na tisa katika kampuni ileile hajawahi kugonga hata ndoo. Mlima anaupanda kwa gia ndogo, taratibu, huku akiisemesha injini kama mtu anayembembeleza mgonjwa anywe dawa. Wenzake wakimpita barabarani walimpigia honi, na wakikutana kwenye maegesho walimuuliza kama safari hii alilibeba lori mgongoni. Alicheka nao. Matenki yake yalirudi na mafuta mengi kuliko ya mtu yeyote, na kwa hilo alijivuna waziwazi, maana dereva naye lazima awe na kitu cha kujivunia.

Mshahara wa pale ulikuwa wa kuchekesha, kama kicheko kinakuja. Kilichomlisha mtu ni posho ya safari. Lori linajazwa matenki yote mawili kabla ya kuondoka, na likirudi, karani anazamisha fimbo yenye alama kwenye kila tenki na kupiga hesabu ya mafuta yaliyopaswa kubaki. Mafuta yakitimia, unapokea posho yako dirishani. Yakipungua, unaletewa fomu. Ukisaini, unakatwa na mambo yanaishia hapo. Ukikataa kusaini, unakatwa vilevile, halafu unapewa na barua ya onyo juu yake. Barua ya tatu inakwenda pamoja na kurudisha funguo.

Kinyonga hakujua hata fomu hiyo ina rangi gani. Kisha siku moja akarudi kutoka safari ya siku tisa, mgongo unamuuma, njaa inamuuma, na fimbo ikasema amepungukiwa lita ishirini na sita.

"Pima tena, mama," alimwambia karani.

Karani wa mafuta alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani minene, na madereva walimwita Mama Lita. Hakuwa na ubaya na mtu. Aliipangusa fimbo kwa kitambaa, akaizamisha tena, akaisoma kwa sauti. Ishirini na sita.

"Mimi nasoma kinachosomeka, baba," alisema. "Sina mafuta yangu humu."

Fomu ilikuwa ya manjano. Kinyonga aliikataa, akakatwa posho, akapewa barua. Safari iliyofuata mambo yakawa yaleyale, barua ya pili. Na hizo barua hakupewa kwa siri kama watu wazima. Meneja alizibandika kwenye ubao ulio nje ya kantini, kwa pini nne nne, ili kila anayekwenda kunywa chai asome kwanza.

Madereva walifurahi ajabu. Aliyefurahi zaidi ni yule waliyemwita Bwana Harusi kwa sababu alivaa shati jeupe hata akienda kubadilisha tairi.

"Kumbe na wewe umo!" alimwambia Kinyonga. "Karibu chamani, kaka. Saini tu. Sisi sote tunasaini."

Ni kweli, wote walikuwa wakisaini. Kwa miezi mitatu hakuna lori lililorudi bila upungufu, huyu arobaini, huyu hamsini. Kila mmoja alisaini haraka huku akiangalia chini, kwa sababu kila mmoja alikumbuka dumu la mafuta alilolishusha mahali fulani njiani. Walisema Mama Lita siku hizi macho yamemzidi ukali. Aliyeuza ishirini akakatwa hamsini alisaini vilevile. Angeuliza nini? "Samahani bosi, mimi niliiba ishirini tu"?

Kinyonga peke yake hakuwa na dumu la kukumbuka. Kwa hiyo Kinyonga peke yake ndiye aliyejua kwamba kuna kitu hakiko sawa, na hakuna aliyemwamini.

Jumamosi ya safari ya tatu, fimbo ilisema ishirini na sita tena. Meneja alikuwa mtu nadhifu, mwenye kupenda mambo yaliyopangwa. Hata malori aliagiza yaegeshwe kwa mstari, pua zikitazama dirisha la ofisi yake. Alimwambia aende akafikiri.

"Jumatatu saa nne asubuhi uje na fomu yenye saini. La sivyo barua ya tatu imeshachapwa."

Mama Lita alizifunga kofia za matenki kwa kufuli zake, kama ilivyo desturi shauri likiwa halijaisha, na lori likabaki palepale lilipopimiwa.

Nyumbani, mkewe alikuwa barazani anashona sare za shule. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua mguu kwenye cherehani, halafu akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Saini, baba. Ni jina tu."

"Ni jina langu."

"Na kula tutakula jina? Una miaka hamsini na mbili. Nani atakupa lori lingine na barua tatu mfukoni?"

Mkewe alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Juzi nilikwenda dukani," alisema. "Muuza duka akaniuliza mbele za watu kama siku hizi tunauza dizeli. Wakacheka. Sikukwambia."

Kinyonga aliona aibu ikimpanda hadi masikioni. Matusi ya barabarani alishayazoea, lakini haya yalimfuata mkewe hadi kwenye foleni ya sukari, na yalimchoma.

"Uliiba?" mkewe aliuliza, akimtazama usoni.

"Hapana."

"Hata kikombe?"

"Hata kijiko."

"Basi usisaini." Akarudisha mguu kwenye cherehani. "Nilichosema mwanzo nimekifuta. Njaa tutajuana nayo."

Jumapili alikuja shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi mwashi, kurekebisha sakafu ya bafu iliyokuwa ikituamisha maji kwenye kona. Kinyonga alimsaidia kubeba mchanga ili angalau mikono ipate la kufanya. Shemeji alilaza saruji mpya, akaweka juu yake pima maji, kile kipande cha ubao chenye kichupa cha maji na kipovu ndani, akachungulia, akaridhika. Kipovu kilikuwa kimekimbilia upande mmoja.

"Umelaza kombo," Kinyonga alisema.

"Shemeji, kaa na usukani wako. Mahali pa kuoshea lazima painame, maji yapate njia. Ningelaza sawa ungeoga leo, na kesho ukayakuta maji ya leo yanakusubiri."

"Kila mahali pa kuoshea?"

"Kila mahali. Watu, vyombo, magari, hata ng'ombe."

Kinyonga alisimama na koleo mkononi. Miezi mitatu nyuma, meneja alihamisha upimaji wa mafuta. Zamani walipimia getini, kwenye sakafu ya zege ya zamani. Kutoka hapo malori yalikwenda kukaa popote, jambo lililomkera, basi akaamuru yapimiwe na kuegeshwa mbele ya ofisi. Na mbele ya ofisi ni mahali gani? Ni pale panapooshewa malori.

Alikwenda jikoni, akarudi na beseni refu la mkewe la kufulia, maji nusu. Akaliweka kwenye ule mteremko. Akatumbukiza kidole upande wa juu, akatumbukiza upande wa chini. Akaligeuza. Akatumbukiza tena.

"Dada!" shemeji aliita. "Njoo umwone mumeo. Barua zimempanda kichwani."

"Tundu la tenki liko mbele," Kinyonga alisema, akizungumza na beseni. "Pua ya lori iko juu. Mafuta yote yamekimbilia nyuma. Mama Lita anapima kwenye maji ya kina kifupi!" Akamshika shemeji yake kwa mikono yote miwili, saruji na kila kitu, akambusu kwenye paji la uso. Shemeji alijipangusa akisema yeye ana mke wake, lakini hakuna aliyemsikiliza.

Jumatatu saa nne Kinyonga alifika na shati lililopigwa pasi na fomu isiyo na saini. Madereva kumi na kitu walikuwa wamejikusanya na vikombe vyao vya chai. Kufukuzwa kwa mtu ni msiba, lakini ni msiba unaotazamika.

"Naomba kitu kimoja, bosi," alisema. "Lipimwe mara ya mwisho. Watu wakiona."

Meneja aliangalia saa yake, akamwashiria Mama Lita. Karani alifungua kufuli, akazamisha fimbo tenki la kulia, la kushoto, akaandika.

"Upungufu, lita ishirini na sita."

"Umeridhika?"

"Bado. Naomba nifunge kofia, niligeuze."

"Uligeuze kwenda wapi?"

"Palepale, bosi. Mkia uje huku, pua iende kule."

Alipanda, akawasha, na kwa mara ya kwanza wenzake hawakucheka mwendo wake. Aliliingiza lori kinyumenyume hadi magurudumu yakakanyaga alama zilezile za maji na matope. Akazima. Akateremka, akasimama mbali na tenki, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayeogopa kushutumiwa kuibia mtihani.

Mama Lita alizamisha fimbo. Akaitazama. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, akazamisha tena. Akaenda upande wa pili. Aliporudi, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ziada," alisema. "Lita thelathini na nne."

Uani palisikika bomba la kuoshea likidondosha maji. Kisha Bwana Harusi akapaza sauti:

"Jamani, lori limejifungua!"

Walicheka hadi chai ikamwagika. Meneja hakucheka. Alisema kuna mchezo umechezwa, nani alikuwa na funguo? Mama Lita aligeuka, na hapo ikaonekana kwamba mtu anayesoma kinachosomeka anaweza pia kusema kinachosemeka.

"Funguo ninazo mimi, bosi. Zililala shingoni mwangu. Mchezo nimecheza mimi?"

Kinyonga akawaeleza mambo ya mteremko, ya tundu la mbele, ya bafu la nyumbani kwake. Alieleza polepole kama anavyoendesha, na hakuna aliyempigia honi. Mama Lita hakungoja amalize. Alitangulia kuelekea getini, fimbo begani, na lori likamfuata, na madereva wakalifuata lori. Kwenye sakafu ya zamani alipima mara ya tatu, akasoma kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Ziada, lita nne!"

Hiyo ndiyo ilikuwa safari yake halisi. Lita nne alizoziokoa kwenye milima, gia kwa gia, siku tisa. Kinyonga aligeuza uso akajifanya anakagua tairi, kwa sababu macho yalikuwa yamemjaa machozi na hakutaka kuulizwa.

"Twende ofisini tuyazungumze," meneja alisema kwa upole ambao hawakuwahi kuusikia.

"Barua zilisomwa nje, bosi," Kinyonga alijibu. "Na haya tuyamalizie nje."

Na yakamalizwa nje. Upimaji utarudi getini. Kila lori lililopimiwa mbele ya ofisi, dereva wake atarudishiwa fedha za lita thelathini kwa kila safari, na posho ya mwezi huu itatoka nazo.

"Mimi nilikatwa hamsini!" mtu mmoja alisema kwa pupa.

"Thelathini zitarudi," Mama Lita alimjibu, akimtazama juu ya miwani. "Hizo ishirini nyingine, unataka tuzizungumze?"

Hakutaka. Bwana Harusi aliona kitu cha kuvutia sana kwenye viatu vyake. Baadaye, watu walipotawanyika, alimfuata Kinyonga akampa mkono, na hakuwa na mzaha wowote wa kusema.

Barua mpya ilichapwa mchana uleule. Meneja alitaka kuiweka kwenye bahasha. Kinyonga akasema bahasha ni nzuri, ila kwanza ubao, na pini nne. Meneja aliibandika mwenyewe. Ilisema dereva huyu hajawahi kupungukiwa hata lita moja katika miaka kumi na tisa, na kwamba kampuni inamwomba radhi. Kinyonga aliomba nakala yenye muhuri, akaikunja mara mbili.

Mkewe aliisoma barazani, amesimama, midomo ikicheza. Aliisoma tena. Hakupiga vigelegele kama Kinyonga alivyotarajia. Aliingia ndani, akatoka na mtandio wake mzuri, ule wa kuendea harusini, akaipachika barua kwenye mkoba.

"Unakwenda wapi?"

"Dukani."

"Kimeisha nini?"

"Hakuna kilichoisha," alisema, na alikuwa ameshafika barabarani.