Gari la Bluu la Zimamoto

Vumbi lenyewe lilikuwa la Verna. Alilitoa kwenye mfuko wa mashine ya kufyonzea vumbi, vumbi la zulia lake mwenyewe, akalimwaga juu ya gazeti mezani jikoni, kisha akachukua brashi ya kupakia siagi na kuanza kulipaka gari la kuchezea la marehemu baba yake. Alilipaka taratibu, magurudumu, ngazi, kofia za wazimamoto wa bati, mpaka likawa kama kitu kilichosahauliwa miaka hamsini. Wendell alisimama nyuma yake akila pierogi zilizobaki jana, sambusa za Kipolandi za kuchemsha, moja baada ya nyingine, kwa vidole.

"Ongeza hapo kwenye kengele," alisema. "Kumbe we msanii, Verna!"

"Nyamaza bwana, usinichekeshe. Nikicheka napuliza."

Lilikuwa gari la zimamoto, la kutia ufunguo, na lilikuwa la bluu. Magari yote ya zimamoto yaliyotoka kiwanda cha vichezeo cha mji wao wa Erie yalikuwa mekundu. Lakini wiki ile kiwanda kilipofungwa, mafundi wa rangi, wakiwa na hasira na wiski tumboni, waliyapitisha magari machache kwenye rangi ya bluu ya mabehewa ya treni, ili kuwacheka wakubwa, wakayaficha kwenye mikebe ya chakula na kwenda nayo nyumbani. Baba yake Verna alikuwa mmoja wao. Mzee huyo hakuacha nyumba wala akiba; aliacha kikohozi ambacho kila mtu anakikumbuka, na gari hilo. Verna alikuwa na vichezeo vya zamani sebule nzima, na mtu angemjia vizuri angeweza kumuuzia chochote. Gari la bluu halikuwa la kuuzwa. Kwake, hiyo ndiyo mikono ya baba yake iliyobaki duniani.

Yeye na Wendell Krauss walikuwa wamegawana meza moja kwenye gulio la Jumapili kwa zaidi ya miaka ishirini, na kahawa ya chupa moja. Wakusanyaji wa kule walikuwa na desturi yao. Mtu akikuazima kitu, kushikana mikono kunatosha. Kumdai karatasi mwenzako ni sawa na kumwita mwizi mbele ya watu, na kuna waliosusiwa meza kwa kosa hilo.

Kisha wakaja watu wa runinga, wanatafuta mtu mwenye ndevu nyingi na kelele nyingi. Wendell alijaliwa vyote viwili. Wakamtengenezea kipindi: anazunguka mashambani, anaingia kwenye mabanda ya wakulima, anafukua vichezeo vya kale na kuvinunua. Tatizo likawa moja tu, nalo lilijulikana na kila mtu isipokuwa watu wa runinga. Mabanda hayana kitu. Walipekua banda baada ya banda, wakakuta matairi, mavi ya popo na kalenda za kampuni za mbolea. Mtayarishaji, msichana mmoja aitwaye Kelsey aliyekuwa akizungumza na sikio lake kutwa nzima, akamwambia Wendell kwamba wiki ile wasipopata kitu cha kumtoa mtu machozi, kipindi kimekufa.

Ndipo Wendell akaja kwa Verna, kofia mkononi.

"Siku mbili tu. Nalifukia kwenye nyasi, nalikuta, wananipiga picha. Jumapili liko rafuni kwako. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, dada yangu."

"Na kwa raha je?"

"Kwa raha tutakula wote, wallahi vile!"

Wakashikana mikono. Vumbi lilipokwisha kupakwa, Kelsey alikuja jioni ile ile kulichukua. Akaligeuza juu chini, akakunja uso. Tumboni mwa gari, kwa rangi nyeupe, palikuwa na jina la mzee, Dombrosky, lililoandikwa kwa mkono wa mtu asiyezoea kuandika.

"Hili linatuharibia," Kelsey alisema. "Mkulima wetu ana jina lake."

Verna alilifuta mwenyewe, kwa pamba na dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Herufi ya kwanza ilipotoka alisimamisha pamba. Alitaka kusema basi, nirudishieni, nendeni zenu. Lakini Wendell ndiye aliyebeba jeneza la baba yake upande wa kichwani, akilia kuliko wafiwa. Mtu kama huyo utamnyimaje kwa ajili ya rangi kidogo? Alisugua mpaka pakawa patupu.

Jumapili gari halikuja. Wendell alisema bado wanalihitaji kwa picha za karibu. Jumapili ya pili alisema liko kwa watu wa bima. Baada ya hapo simu yake ikawa inapokelewa na Kelsey, na Kelsey alikuwa na adabu ya kutosha kummaliza mtu nguvu.

Kipindi kilionyeshwa mwezi wa kumi. Verna alikitazama na Stan, mume wake, mtu ambaye hakuwahi kuelewa kwa nini watu wazima wananunua magari yasiyobeba mtu. Wendell alitokea akipiga mbizi kwenye nyasi. Akapiga ukelele. Akatoka na gari la bluu kifuani, vumbi la zulia la Verna likimwagika kwenye ndevu zake, machozi yanamchuruzika.

"Mikono inanitetemeka!" alilia. "Tazameni mikono yangu!"

Mkulima akataka dola themanini. Wendell akampa mia, eti kwa kuwa yeye ni mtu mwaminifu, wakashikana mikono, kamera ikaisogelea ile mikono mpaka ikajaa kioo kizima. Kisha akatokea mtaalamu mwenye koti, akalizungusha gari kwenye meza nyeupe, akakohoa, akasema elfu kumi na mbili.

Stan aliruka kitini. "Elfu kumi na mbili! Na mimi miaka yote naegemeza rimoti kwenye ile ngazi!"

"Wanasema tu. Ile bei wameitoa hewani. Hakuna aliyewahi kuliuza, bei ataijuaje?"

"Na yule mkulima?"

"Mwigizaji. Mchezo tu, Stan."

"Mchezo gani, mama? Nchi nzima imemwona akilipa." Aliipunguza sauti runinga, jambo ambalo hulifanya kwenye misiba tu. "Ulipata karatasi?"

Verna alitikisa kichwa.

"Basi si lina jina la mzee kule chini?"

Hapo aliinuka akaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Bei ile iliyotoka hewani ilitua chini na kuota mizizi. Jumapili iliyofuata gulio lilikuwa limeingiliwa na wazimu. Watu waliozoea kumpa Verna boksi zima kwa dola tano, wakimshukuru kwa kuwapunguzia takataka, sasa walikuja wamekumbatia makopo yenye kutu kama wanabeba watoto wachanga. Mama mmoja alitaka elfu tisa kwa gari la zimamoto lisilo na magurudumu.

"Lakini hili ni jekundu, mama."

"Jekundu, ndiyo, ila ni ndugu yake yule wa kwenye runinga. Usinione mjinga."

Mwingine alikuwa amelipaka lake rangi ya bluu ya milango, hata haijakauka, ikamchafua vidole wakati anaapa kwamba ni la babu yake. Baba mmoja kijana, aliyezoea kumchagulia mwanawe kigari kila wiki, aliuliza bei, akakirudisha mezani. Wakusanyaji wa zamani walifunika vitu vyao kwa mashuka. Hawakuambiana tena nani amepata nini wapi. Verna alikunywa kahawa yake peke yake kwenye meza iliyokuwa ya watu wawili, akiwa na hasira, na aibu, na bado, Mungu amsamehe, na matumaini. Alijiambia Wendell amezidiwa na wale watu. Alijiambia mkataba umembana. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nguo ukiizoea huikagui.

Kabla ya Krismasi akasikia kwamba gari liko Cleveland, kwenye maonyesho ya vichezeo, na linauzwa. Aliendesha peke yake kwenye theluji.

Foleni ilianzia mlangoni. Wendell alikaa jukwaani, ndevu zimechongwa na fundi, akitia sahihi picha zake kwa dola ishirini. Pembeni yake, ndani ya sanduku la kioo, lilikuwa gari la bluu. Hawakulipangusa. Vumbi la zulia lake bado lilikuwa pale kwenye kengele, nalo sasa lilikuwa sehemu ya bei.

Verna alipanga foleni kama wengine. Zamu yake ilipofika aliinama mezani.

"Wendell, nimekuja kuchukua gari langu."

Alimtazama kwa lile tabasamu la kwenye runinga. "Karibu mama! Nikuandikie jina gani?"

Mwanzoni alidhani ni utani. Alisubiri acheke.

"Wendell. Gari la baba."

"Na mimi ni langu basi!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma, foleni ikaangua kicheko.

"Bibi, tulimwona kwa macho yetu akilinunua," alisema mwanamke aliyekuwa nyuma yake, kwa upole, kama anamwelewesha mgonjwa. "Kwa mkulima. Kwenye nyasi."

"Mnunulieni bibi wa watu soda aende zake!"

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hawakuwa na runinga. Huyu mwongo njia yake ilipita kwenye sebule za nchi nzima, na kila mwenye sebule alikuwa shahidi, na kila shahidi alikuwa anasema kweli: alimwona. Verna aliwatazama wale watu na hakuona hata mmoja wa kumchukia. Walinzi wawili walimshika viwiko kwa heshima, wakamtoa kwa mlango wa pembeni.

Alikuwa amesimama kwenye korido ya nyuma, karibu na mashine ya soda, akitafuta funguo za gari, mlango ulipofunguka tena. Alikuwa Wendell. Peke yake, hakuna Kelsey, hakuna taa, hakuna kamera. Moyo wa Verna uliruka, kwa kweli uliruka. Alijua sasa Wendell atalia. Atasema wamenibana, Verna, nisamehe, na yeye atamtukana matusi yote ya Kipolandi aliyorithi, kisha watatafuta njia. Msamaha ulikuwa umekwisha kumjia hadi mdomoni.

"Limeuzwa," Wendell alisema. "Asubuhi. Jamaa wa Texas, kwa elfu kumi na nne. Usingesafiri na theluji hii."

Verna aliacha kutafuta funguo.

"Mwambie ni la nani," alisema. "Mpigie. Mwambie lilitoka rafuni kwangu. Baba yangu ulimbeba mwenyewe, Wendell."

Wendell alivuta pumzi. Aliweka mkono kifuani, akatikisa kichwa polepole, na macho yake yakalowa kama yalivyolowa kwenye runinga.

"Nililikuta bandani," alisema. "Chini ya nyasi. Mikono ilinitetemeka."

Verna aligeuka kutazama anamwambia nani. Korido ilikuwa tupu hadi mwisho.