Mate Kwenye Valvu

Mama Keki alitoka jikoni kinyumenyume, ameshika upande mmoja wa boksi la keki, wifi yake ameshika wa pili, na kitu cha kwanza alichokiona uani kikamchafua roho hata chai haijatulia tumboni. Mume wake alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu la mbele. Akatia kidole mdomoni, akakizungusha humo kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha, akakitoa kinameremeta, akaipaka valvu ya tairi mate. Kisha akainama kuangalia kama yatatoa mapovu.

"Haivuji!" akatangaza. Akajifuta kidole kwenye suruali na kuja mbio. "Leteni niwapokee."

"Gusa hilo boksi uone."

"Mke wangu, mate si maji tu?"

"Basi kinga kikombe unywe."

Wifi mtu alicheka mpaka boksi likataka kuinama, Mama Keki akamkaripia naye.

Mume huyo alikuwa kinyozi, lakini mtaa mzima ulimwita Injinia, tangu siku alipoziba mashine ya kunyolea kwa chingamu aliyoitoa mdomoni, mteja akiwa bado kitini. Kwa matairi alikuwa na vipimo viwili. Teke lilimwambia kama upepo upo. Mate yalimwambia kama unatoka. Kipima upepo alichonunuliwa na mkewe kilining'inia msumarini nyuma ya mlango wa jikoni, bado kimo ndani ya nailoni yake, na kile kibandiko cha kwenye fremu ya mlango wa dereva, kinachosema kila tairi linataka upepo kiasi gani, alikibandikia juu tangazo la saluni yake.

"Waliokiandika hawalijui gari langu," alikuwa akisema.

Asubuhi hiyo Mama Keki alikichomoa kipimo msumarini na kukitupia kwenye mkoba wake. Si kwa akili, kwa hasira tu. Siku hiyo hakutaka mzaha. Hii ilikuwa keki yake ya kwanza ya harusi, ya ghorofa tatu, na mwenye ukumbi alikuwa amemwambia waziwazi: ikifika nzima, keki zote za pale zitakuwa zake. Ikifika vipande, arudi kuuza mikate dirishani.

Wakaondoka, Injinia kwenye usukani, wifi kiti cha nyuma na boksi mapajani, amelikumbatia kama mtoto mwenye homa.

Mwanzoni gari lilikwenda laini kupita kawaida. Matuta yalipita kama mito ya kulalia. Injinia akawa anatabasamu peke yake, na hilo lilitosha kumtia mkewe wasiwasi. Kwenye kona ya kwanza gari likalala upande, likasita, likajirudi kwa kutapatapa.

"Wee kaka!" wifi akapiga kelele. "Keki imenihama!"

Kona ya pili ikaja na harufu, ya mpira uliochemka, nzito, inayonata kooni. Mama Keki akaziba pua.

"Simamisha."

Akashuka. Matairi yote manne yalikuwa yamefura mashavu na kutandawaa chini kama walevi.

"Umefanya nini?"

Injinia alijikuna shingo. "Nimepunguza upepo kidogo. Ili gari liwe godoro. Keki isitikisike."

"Umepunguza kwa kipimo gani?"

"Nilisikiliza. Likilia *fsss* mpaka nikaona basi, nafunga."

Mama Keki alimtazama kama mtu anayetazama unywele ndani ya mkate wake mwenyewe. Akafungua mlango wa dereva, akakwangua tangazo la saluni kwa kucha, akasoma namba, akatoa kipimo kwenye mkoba, akapima. Hata nusu haikufika, na hapo matairi ni ya moto. Yakipoa yatashuka zaidi.

"Pampu."

Pampu ya mguu ilitoka chini ya taulo za saluni zilizojaa nywele za watu, Mama Keki akageukia pembeni asitapike. Injinia akakanyaga, gurudumu baada ya gurudumu, jasho likimdondoka puani hadi kwenye rimu, mkewe akipima na kusema "bado", akipima na kusema "bado". La mwisho lilipofika namba, valvu ikaanza kunong'ona. Au ni magari yaliyokuwa yakipita? Hakuna aliyeweza kusikia.

"Maji ya kupaka yako wapi?" akauliza Mama Keki.

"Nimeyamaliza, wifi," ikatoka sauti ya nyuma. "Woga unakausha koo."

"Mate basi," akasema Injinia kwa ushindi. Akatia kidole mdomoni. Kikatoka kikavu. Akajaribu tena, akavuta mashavu, akakohoa. Pampu ilikuwa imemkamua yote.

"Nami siwezi kuinama," wifi akasema haraka. "Nina mtoto mapajani."

Wakamtazama Mama Keki.

Alifumba macho. Kidole kilichokuwa kimepamba maua ya sukari asubuhi yote akakiingiza mdomoni, kikiwa na vumbi la barabara, akaipaka valvu. Kapovu kadogo kakavimba, kakapasuka. Akabonyeza kile kijiti cha katikati ya valvu, upepo ukatema mchanga, akapaka tena. Safari hii hakuna kilichovimba.

"Umeona?" akasema Injinia. "Mate ni—"

"Kaa nyuma. Naendesha mimi."

Ukumbini aliomba sabuni kabla ya salamu. Alinawa, akanusa mkono, akanawa tena, ndipo akaifungua keki. Ghorofa ya juu ilikuwa imeteleza kidogo na ua moja limelala. Akalisimamisha, akaziba alama kwa krimu aliyobeba, akarudi nyuma kuitazama. Mwenye ukumbi aliizunguka mara mbili.

"Jumamosi ijayo kuna harusi nyingine," akasema mwishowe. "Utaweza?"

"Nitaweza."

Akageuka kumtafuta mumewe ampe habari. Injinia alikuwa ameinamia boksi tupu, anakombeleza krimu iliyobaki kwenye kadibodi, kwa kidole kile kile.

"Tamu, mke wangu," akasema. "Onja."