Maoni ya Mwanzo Kuhusu Dionisio

Jumatatu, saa mbili na dakika hamsini asubuhi, Presentacion Gallego, ambaye mji mzima wa Talisayon humwita Manang Pressing, kwa maana ya dada mkubwa, alifuta vumbi kwenye kibodi kwa kipande cha fulana kuukuu, akaweka rozari yake kando ya kipanya, akabonyeza swichi. Mfumo mpya wa kompyuta uliwaka kwa sekunde kumi na moja. Ule wa zamani ulichukua muda wa kusali makumi mawili ya rozari, na kwa miaka mingi hivyo ndivyo alivyoutumia muda huo. Kwenye fomu ya maoni akaandika: "Unawaka haraka. Nimepoteza sala zangu za asubuhi."

Mfumo ule ulikuwa toleo la majaribio. Kampuni moja ya mjini iliipatia ofisi ya kumbukumbu ya Talisayon mfumo huo bure kwa siku thelathini, kwa sharti kwamba kila siku saa kumi jioni mtumiaji aandike alichokiona. Fundi aliyeuweka alikuwa Jomarie, mwanamke wa mji wa Bacolod mwenye pikipiki nyekundu na ulimi mwepesi. Alimwonyesha Manang Pressing maneno madogo kwenye pembe ya chini ya kioo cha kompyuta: "Toleo la majaribio. Halijakamilika."

"Sasa likiharibika, Inday?" aliuliza Manang Pressing, ambaye huwaita wasichana wote Inday.

"Likiharibika tunafurahi, Manang. Ndiyo kazi yake kuharibika. Wewe andika kila kitu, hata cha kijinga."

"Kama ni cha kijinga, nimwandike na bosi?"

Jomarie alicheka mpaka Bwana Villarosa, mkuu wa ofisi, akatoa kichwa mlangoni. Kilikuwa kichwa kisicho na unywele hata mmoja, na alipenda kukifunika kwa kofia ya klabu ya wafuga majogoo.

Siku hiyo ya kwanza Manang Pressing aliandika pia kwamba pembe za madirisha zimekuwa za mviringo, kwamba printa haitambuliwi, na kwamba pipa la taka, lililokuwa pembeni tangu aijue kompyuta, sasa limekaa katikati ya kioo kama mgeni wa heshima.

Jumanne akaja Padre Celso. Talisayon hakuna mashine inayofanya kazi kabla ya kubarikiwa; pampu ya maji ilibarikiwa, mashine ya kunakili ilibarikiwa mara mbili. Padre alikuwa na miaka themanini na mitatu na ukungu machoni, hivyo alifungua kitabu chake mahali kilipofunguka. Palikuwa ukurasa wa ubatizo. Aliuliza mtoto anaitwa nani. Hakuna aliyetaka kumsahihisha mbele ya watu, kwa hiyo Bwana Villarosa akatazama kalenda ya ukutani, kama wazazi wa kule wanavyofanya, akasoma jina la mtakatifu wa siku hiyo. Padre akainyunyizia mashine maji na kuiita Dionisio. Kwa kuwa Manang Pressing ndiye aliyeshika mshumaa, ambao ofisi huuweka tayari kwa ajili ya kukatika kwa umeme, yeye ndiye akawa ninang, mama wa ubatizo.

Padre alipofika mahali pa kuuliza kama mtoto anamkataa shetani na kazi zake zote, kikatokea kisanduku kwenye kioo chenye vitufe viwili: "Ndiyo" na "Nikumbushe baadaye." Manang Pressing akabofya "Ndiyo."

Wakanywa soda, wakala biskuti za piaya, wakarudi kazini.

Jumatano asubuhi Manang Pressing alipoingia, kioo kiliinama taratibu kwenye kiegemeo chake mpaka ukingo wa juu ukagusa mgongo wa mkono wa Manang, kama mtoto mwenye adabu anavyochukua mkono wa mkubwa na kuugusisha kwenye paji la uso. Kisha maandishi yakatokea: "Habari za asubuhi, Ninang." Yeye akaandika kwenye fomu: "Ana adabu. Printa bado."

Alhamisi, kabla ya saa nne, pipa la taka lilijaa.

Hakuwa ametupa kitu chochote wiki ile. Chini ya pipa palikuwa na namba: arobaini na moja. Manang Pressing alitoa mkono wake kwenye kipanya akashika rozari, kwa sababu idadi hiyo aliijua. Alikuwa ameisalia kila Ijumaa kwa miaka thelathini.

Alipokuwa na umri wa miaka thelathini, akiwa mchapaji wa taipureta, alijiandikisha darasa la jioni la kompyuta kwa masista. Ofisi ilikuwa imepata kompyuta ya kwanza na hakuna aliyejua kuitumia. Alisoma jioni mia na themanini. Baba yake, Urbano, mkata miwa wa shamba kubwa la Hacienda Consolacion, alikuwa akimpeleka kwa baiskeli na kumngoja nje ya uzio wa masista, mikono yake bado myeusi kwa masizi ya shamba. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba shamba litagawiwa wakataji wake, na orodha ya wanaostahili ilikuwa ya watu arobaini na mmoja. Kazi ya kwanza aliyopewa Manang Pressing baada ya kupata cheti chake ilikuwa kuisafisha orodha hiyo. Bwana Villarosa, ambaye wakati huo alikuwa na nywele, alisimama nyuma ya kiti chake akamwambia abonyeze kitufe cha kufuta. Alibonyeza. Jina la baba yake lilikuwa la kumi na saba. Ikaandikwa kwamba hakuna mkata miwa aliyestahili, na shamba likabaki kwa wamiliki wake. Urbano alikufa akingoja barua.

Sasa lilikuwa limebaki juma moja Manang Pressing astaafu. Baada ya hapo asingekuwa tena na ruhusa ya kukigusa kitufe chochote katika ofisi ile. Akapeleka mshale kwenye pipa. Yakatokea maneno "Rejesha vyote," na chini yake swali: "Una uhakika, Ninang?"

Akafanya ishara ya msalaba, akabofya.

Printa ikatambuliwa. Wakati huohuo mlango wa mbele ukafunguka, wakaingia wanaume wakiwa wamevaa mashati ya mikono mirefu na vitambaa vilivyofunika nyuso mpaka machoni, kama wakataji wavaavyo kujikinga na makali ya majani ya miwa. Mapanga yao waliyaacha kwa mlinzi, naye akampa kila mmoja namba. Walinuka sukari iliyoungua. Wakakaa kwenye mabenchi kwa mpangilio, na waliokosa nafasi wakasimama ukutani. Mama mmoja aliyekuja kusajili ndoa akasogea ili mzee mmoja akae, akamwuliza walikuwa wakingoja tangu lini. Mzee akasema siku nyingi kidogo.

Bwana Villarosa akatoka ofisini kwake. Aliwatambua wote, na akasema, kama ambavyo angemwambia mtu yeyote, kwamba mtandao una matatizo na warudi wiki ijayo.

"Amancio," akasema mkataji mmoja, akimwita bosi kwa jina lake la kwanza na kushusha kitambaa chake, "na nywele zako nazo zilifutwa siku ileile?"

Benchi zima likacheka. Yule mama wa ndoa naye akacheka.

Karatasi ya kwanza ilitoka. Ilikuwa hati ya kuthibitisha kwamba fulani, mkata miwa, anastahili kipande namba moja cha Hacienda Consolacion. Iliandikwa vizuri, ikiwa na nembo ya mji juu. Chini pembeni, kwa herufi ndogo za kijivu, palikuwa na maneno: "Toleo la majaribio. Halijakamilika." Bwana Villarosa akayaonyesha kwa kidole. Alieleza, bila ukali, kwamba hati yenye maneno kama hayo haiwezi kupokewa popote, na kupigia muhuri kitu kama hicho ni kupoteza wino.

Mkataji wa kwanza aliisoma hati yake kwa muda mrefu, maana alikuwa msomaji wa polepole.

"Hata sisi hatujakamilika," akasema. "Piga muhuri."

Bwana Villarosa akanyoosha mkono ili azime mashine. Kwenye kioo pakawa na maandishi makubwa: "Usizime. Kazi arobaini na moja zinaendelea." Jomarie alikuwa ameonya kwamba mashine ikizimwa wakati kama huo, kumbukumbu zote za mji zinaweza kupotea, zikiwemo za majogoo wa Bwana Villarosa walioshinda, ambazo bosi huyo alikuwa akizihifadhi humo kinyume cha kanuni. Akarudisha mkono. Akaenda kuleta muhuri.

Alipiga muhuri mara arobaini na moja. Manang Pressing alikuwa akisoma kila jina kwa sauti, pole pole, majina mawili na la ukoo, na kila jina liliposomwa mtu alisimama na kusema, "Nipo."

Namba kumi na saba alipofika dirishani, Manang Pressing aliinuka. Alichukua mkono wa baba yake akaugusisha kwenye paji la uso wake, na masizi yakabaki pale.

"Tatay," akasema, "mimi ndiye niliyebonyeza."

"Najua. Nilikuwa nje na baiskeli, dirisha lilikuwa wazi. Nilikisikia kitufe."

"Mbona hukusema kitu?"

"Ulikuwa umesoma jioni mia na themanini, anak. Ningesema nini?" Akaitazama hati, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele. "Jina langu umeliandika vizuri. Masista walikufundisha."

Akaikunja mara mbili, akaiweka katika mfuko wa shati, akaufunga kifungo.

Walipotoka, bendi ya shule ilikuwa uwanjani ikifanya mazoezi ya sikukuu ya mji. Mwalimu wa bendi alipoona watu arobaini na mmoja wamejipanga wawili wawili, na mmoja nyuma, alidhani ndio wale aliokuwa akiwangoja, akainua fimbo yake. Ngoma zikapigwa, tarumbeta zikaitika. Wakataji wakavuka uwanja hati zikiwa mikononi na mifukoni, vitambaa vimeshushwa, nyuso wazi. Wauza samaki waliacha mizani. Mabibi walitoka vibarazani wakiita majina, na kila jina liliitikiwa. Padre Celso, ambaye hakuona vizuri ni nani wanaopita, aliamuru kengele zipigwe, na zikapigwa kwa robo saa, kama siku ya Pasaka. Manang Pressing alitazama yote hayo kutoka dirishani akiwa na masizi usoni, akaimba wimbo wa shukrani kwa sauti ambayo ofisi haikuwahi kuisikia kwake. Saa kumi ilipofika alijaza fomu. Penye swali la kitu kilichompendeza zaidi, aliandika: "Hasahau." Penye kasoro, aliandika: "Sijaona."

Hacienda Consolacion siku hizi hailimwi miwa. Ni shamba la majogoo wa kupigana. Wamepangwa kwa mistari kwenye nyasi zilizokatwa vizuri, kila jogoo na kibanda chake, kivuli chake, kopo lake la maji na kipande chake cha ardhi. Wakataji walifika, wakasoma hati zao, wakapima kwa hatua, na kila mmoja akaketi kwenye kipande chake kando ya majogoo waliokuwepo. Majogoo walisogea. Jioni ile mwenye shamba alipigiwa simu. Aliuliza kama watu hao wanaharibu kitu, akaambiwa hapana, wanapalilia. Akasema waachwe, ila uzio usiguswe.

Siku ya thelathini, toleo la majaribio lilikwisha muda wake, kama ilivyoandikwa tangu mwanzo. Manang Pressing, aliyekuwa amekwisha kustaafu, alikuja kumuaga Dionisio. Kioo kiliinama kikagusa mkono wake, kisha kikawa cheusi. Jomarie aliweka toleo kamili. Alimwambia kampuni imefurahia sana maoni yake, kwamba hakuna mji mwingine uliosaidia kama Talisayon, na akamsomea barua: kasoro ya pipa la taka kurejesha vilivyofutwa imegunduliwa na kurekebishwa.

"Pole, Manang," alisema Jomarie.

"Pole ya nini? Walishachukua karatasi zao."

Toleo kamili nalo lilibarikiwa. Padre Celso alikuwa amefanyiwa upasuaji wa macho, akafungua ukurasa sahihi. Pipa lilirudi pembeni, likiwa tupu. Kutoka ofisi ya ardhi ya mkoa ilikuja barua moja kwa watu arobaini na mmoja, ikisema kwamba hati zao zimepitiwa na hazitambuliwi kwa sababu ya maneno yaliyo chini pembeni, na kwamba umiliki wa shamba unabaki kama ulivyo. Bwana Villarosa aliipiga muhuri wa kupokelewa.

Jumapili baada ya misa, Manang Pressing alifunga wali na samaki wa kuchoma katika jani la mgomba, akatwaa mwavuli, akapanda baiskeli ya baba yake, ambayo alikuwa ameitia mafuta. Langoni pa Hacienda Consolacion mlinzi alimsimamisha, akafungua daftari la wageni, kwa maana kanuni ya shamba ni kwamba hakuna aingiaye bila kuandikwa. Akamwuliza anakwenda kwa nani.

"Kwa Urbano Gallego," alisema. "Kipande namba kumi na saba."

Mlinzi akatazama kule ndani, mahali ambapo mzee alikuwa ameshapalilia mistari miwili ya viazi vitamu kati ya vibanda, huku jogoo mwekundu akimfuata nyuma akiokota wadudu. Akalamba ncha ya kalamu. Kwenye safu ya jina akaandika Presentacion Gallego. Kwenye safu ya sababu ya kuja akaandika: "Mgeni wa mwenye shamba." Kisha akamfungulia lango, lote, pande zote mbili, ili baiskeli ipite.