Goti la Bi Mwanakombo

Juzi adhuhuri, tumbo limejaa wali wa nazi, Saumu alijinyoosha kwenye kochi, akaota.

Yeye na mama yake, Bi Mwanakombo, walikuwa wamepanga ghorofa ya pili ya jengo kongwe la Tanga, lililokuwa mahakama kabla ya kukatwakatwa kuwa fleti. Tangu goti lianze kumsumbua, mama hakuwa ameshuka chini. Saumu aliomba ruhusa ya kufunga vyuma vya kushikia ngazini. Mwenye nyumba akakataa: jengo ni la kihistoria, kila kilichomo kibaki katika hali yake ya asili.

Basi kwenye ndoto, ukuta wa sebule ukakohoa.

"Simama," ukasema. "Mahakama imeingia."

Saumu akasimama. Sebule ni mahakama sasa. Jiko ni kizimba, na ndani yake yumo Bi Mwanakombo, anamenya vitunguu. Feni ya darini imevaa wigi la hakimu na inazunguka nalo taratibu.

"Mshtakiwa amekutwa akilichua goti kwa dawa," ukuta ukasoma. "Huo ni ukarabati bila kibali."

"Ni goti lake mwenyewe!" Saumu alisema.

"Tulisema kila kilichomo," feni ikajibu. "Naye yumo."

Ukuta ukaeleza, kwa upole kabisa, kwamba goti kongwe hutengenezwa kwa chokaa na boriti za mikoko tu. Fundi aliyeijua kazi hiyo alishafariki. Mpaka apatikane mwingine, mama asiguswe wala asisogezwe, ila watalii wanaruhusiwa kumpiga picha.

Machozi yalipoanza kumlengalenga Saumu, ukuta ukamwonya kwamba unyevu unaharibu lipu.

"Niachie mimi, mwanangu," mama akasema. Akaweka kisu chini. "We feni, humu uliwekwa lini?"

Feni ikapunguza mwendo. "Mwaka juzi."

"Na hilo wigi?"

Feni ikasimama kabisa.

Bi Mwanakombo akatoka kizimbani akichechemea, akafika mlangoni. Ngazi zote zilikuwa zimesogea pale kusikiliza kesi.

"Nanyi inameni," akaziambia. "Nimechoka kukaa humu kama kabati."

"Hatujawahi kuinama, Bi Mkubwa," ngazi ya juu ikasema. "Si asili yetu."

"Hata mimi sikuzaliwa na goti bovu. Inameni."

Zikatazamana. Kisha zikaanza kuinama, moja baada ya nyingine, huku zikiguna kama ngamia.

Saumu akazinduka, alama za kochi shavuni. Jikoni hamkuwa na mtu. Kutoka barabarani akasikia sauti anayoijua ikigombana na muuza vitumbua. Akakimbilia dirishani. Mama yake amesimama chini kabisa, mtandio begani.

"Mama! Nani kakushusha?"

Bi Mwanakombo hakuinua hata uso. Alikuwa anabonyeza kitumbua kuona kama kimeiva.

"Zimenishusha zenyewe."