Mstari wa Bluu

Mama hakutaka picha. Picha za mwanawe marehemu zilikuwa tele, ukutani na kwenye droo: akiwa shuleni, akiwa na nguo za kazi, mwaka aliokonda na mwaka alionenepa. Alichotaka ni sauti.

"Uso wake ninao," alimwambia binti yake wakiwa jikoni. "Sauti ndiyo inayoniponyoka. Jana nimekaa kutwa naitafuta kichwani, nimeikosa."

Marehemu alikuwa kitinda mimba, fundi wa friji, na nyumbani hakuna aliyewahi kumrekodi. Akiwahitaji alipiga simu, na simu ikikatwa maneno huenda na upepo. Simu yake mwenyewe ilipondeka siku ileile ya ajali, barabarani, pamoja naye. Lakini wateja wake aliwatumia ujumbe wa sauti, hilo wote walilijua, maana mikono yake kila mara ilikuwa na grisi na hakupenda kuandika. Basi dada yake akafikiria tangazo.

Kazi ya dada mtu ilikuwa hiyohiyo. Alifanya kazi kwenye duka la steshenari, akichapa barua za watu, akitoa nakala, akigeuza faili kuwa PDF. Kwa tangazo la mdogo wake hakuanza na karatasi tupu. Alifungua kadi ya harusi aliyokuwa ameitengeneza wiki chache kabla, kwa sababu fremu yake ilikaa vizuri na mstari wa barua pepe ulikuwa mahali pake chini, wa bluu, umepigiwa mstari. Akaondoa maua. Rangi nyekundu akaifanya nyeusi. Akafuta anwani ya kamati ya harusi herufi moja moja, akaandika juu yake anwani mpya aliyoifungua kwa ajili ya shughuli hii: mwenye sauti ya marehemu, au picha, au neno lolote la kumkumbuka, abonyeze hapa atume.

Akageuza kuwa PDF, akachapa nakala moja, akaikagua kwa rula chini ya kila mstari, kama alivyofundishwa. Hakukuwa na kosa hata la nukta. Hivyo ndivyo walivyokagua kazi pale dukani, karatasi mkononi. Kubonyeza hakukuwamo.

Tangazo likaenda kwenye makundi ya ukoo, ya majirani, ya mafundi wenzake. Kukawa kimya. Kila asubuhi alifungua sanduku la barua pepe na kulikuta jeupe kama sahani iliyooshwa.

"Haya, vipi?" shangazi alimuuliza, mbele ya Mama. Shangazi huyu alikuwa dada wa baba yao, na mdomo wake haukuwa na mlango. "Hata mmoja?"

"Bado, shangazi."

"Mimi nilisema. Mtoto yule alikuwa mkali kwa wateja. Nani akae na ukali wa mtu kwenye simu?"

Mama aliendelea kupepeta mchele, ila tangu siku hiyo hakuuliza tena kama kuna sauti iliyokuja. Binti yake aliona afadhali angeuliza.

Kisha akaja Soketi dukani. Soketi alikuwa fundi wa redio, rafiki wa marehemu tangu utoto.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Njema, ila nina dukuduku. Nimetuma picha, nimeandika na maneno mpaka kidole kimeota sugu. Hata asante hamna? Au sisi wa karakana hatujibiwi?"

"Hakijafika kitu, mdogo wangu."

"Kisifike vipi? Nimebonyeza hapo pa bluu, pakafunguka penyewe."

Akamwonyesha simu. Maneno yalikuwa yake, picha ilikuwa ya marehemu amebeba kompresa ya friji begani kama mtoto. Juu, kwenye nafasi ya anayetumiwa, palikuwa na anwani ya kamati ya harusi.

Mwenye duka, ambaye wote walimwita Mzee Tona kwa ule wino wa printa, yaani tona, usiobanduka kwenye kucha zake, alisogea akachungulia. Alianza kucheka, akajizuia.

"Mama we. Umembadilisha nguo, mwenyewe umemwacha."

Ndivyo ilivyokuwa. Maneno yanayoonekana ni kitu kimoja, na anwani iliyojificha chini yake ni kitu kingine. Ukifuta maneno na kuandika mapya juu, ya chini hukaa palepale, na ukigeuza kuwa PDF huenda nayo. Aliyeyasoma kwa macho tu asingejua.

Alifungua faili, akahariri kiungo chenyewe kilichojificha, akaweka anwani sahihi. Kwa haraka akaipitisha kwenye amri ya kuchapa badala ya kuihifadhi, na PDF ikatoka na mstari wa bluu uliokufa: ukibonyeza, kimya.

"Hiyo umeipiga picha tu, kiungo hakimo," Mzee Tona alisema. "Hifadhi, usichape."

Mara hii alihifadhi, akaitumia simu yake mwenyewe, akabonyeza kwa kidole gumba. Anwani ikaja ileile aliyoitaka. Akatuma tangazo upya, na maneno ya kuomba radhi.

Lakini watu wakishatoa pole hawatoi mara mbili. Soketi alituma tena. Mmoja akaandika, "Nimeshatuma, angalieni vizuri." Mwingine alijibu kuwa alikuwa na sauti ya fundi, ila baada ya kuituma aliifuta, simu ilikuwa imejaa.

Ikabaki njia moja. Namba ya bibi harusi alikuwa nayo.

Alimkuta anapiga pasi sebuleni, zawadi za harusi zingali kwenye makasha pembeni. Bibi harusi alimsikiliza mpaka mwisho, pasi mkononi, kisha akaichomoa.

"Kumbe ni wewe," alisema, bila hasira. "Zilianza kuingia wiki ya harusi yenyewe. Sisi tunangoja watu wathibitishe kuja, wao wanatuandikia poleni kwa msiba, Mungu awape nguvu. Mama mkwe akasema uchuro huo, kuna mtu anatuombea kifo. Tukafuta. Zikija tunafuta."

"Zote?"

"Mpaka pipa la takataka tukalimwaga. Mama mkwe alisimama nyuma yangu."

Dada mtu aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshainuka na kushika mkoba wake.

"Kaa kwanza," bibi harusi alisema. Aliutazama mlango, ingawa nyumbani hapakuwa na mtu mwingine. "Moja niliificha. Ilikuwa sauti. Niliifungua kabla ya kuifuta, nikacheka peke yangu, nikaihamishia kwenye simu. Mume wangu hajui. Siku nikichoka huwa naisikiliza. Sikujua kama ni marehemu, dada. Nisamehe."

"Nani aliituma?"

"Sikumbuki. Nilichukua sauti tu."

Jioni ile, sauti ikiwa imeshahamia kwenye simu ya binti yake, Mama aliishika simu hiyo mbali na uso, kama kitu cha moto. Shangazi alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango. Sauti ikatoka, imejaa puani:

"Mama yangu, friji yako haijafa. Umeibana ukutani, itapumulia wapi? Ivute mbele kidogo. Na chungu cha moto usikiingize tena, friji si kabati. Kesho nakuja kuiangalia. Na nikija usinihonge chai, nina haraka." Kisha chafya, na mwisho.

"Si nilisema mkali," shangazi alisema, lakini kwa sauti ya chini.

"Mkali wapi? Anamwelekeza mtu." Mama alirudisha simu kwa binti yake. "Weka tena."

Akaweka. Mama alisikiliza macho yamefumbwa.

"Hapo ana mafua," alisema. "Alikuwa na mafua hakuniambia. Weka tena."

Ilipokwisha mara ya tatu Mama alifumbua macho.

"Na huyo mwenye friji, alienda kwake?"

"Sijui, Mama."

"Ilipona?"

"Sijui. Hata jina lake hatuna."

"Ulizia," Mama alisema. "Una tangazo, ulizia. Alisema atakwenda kesho yake. Nataka kujua kama alikwenda."