Vizibao Ishirini na Vinne vya Zambarau

Mjukuu wangu anafanya kazi ya kuuliza watu maswali. Ndiyo kazi yenyewe, na chuo kikuu kinamlipa. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo ilinichukua muda kuelewa, maana shuleni kwetu aliyeuliza maswali mengi alichapwa.

"Bibi," aliniambia siku hiyo, amekaa kwenye kigoda kando ya cherehani yangu, karatasi magotini. "Kati ya moja na tano, unawaamini polisi kiasi gani?"

"Polisi yupi?"

"Polisi kwa jumla."

"Mke mwenzangu, hata wajukuu zangu siwaamini kwa jumla. Wewe nakupa nne. Kaka yako moja na nusu."

"Hakuna nusu, Bibi."

"Basi mwekee moja, ila usimwambie."

Alicheka mpaka kalamu ikamponyoka. Lakini jambo lenyewe halikuwa la mzaha, na niliona alivyoikunja ile karatasi kwa uangalifu, kama mtu anayekunja hati ya nyumba.

Mwaka uliotangulia sisi wanawake wa sokoni tuliandamana. Mabomba ya soko yalikuwa yamekauka miezi saba, choo hakisemeki, tukasema twende tukawaulize wakubwa wa mji. Tulipofika njia panda ya benki tukakuta askari wamejipanga, kofia za chuma na ngao. Sisi tumesimama, wao wamesimama. Hakuna aliyemwambia mwenzake neno. Kisha mtu mmoja akapiga chafya, mpaka leo hatujui alikuwa wa upande gani, na mara moshi wa machozi huo. Mimi na miguu yangu hii nilikimbia nikaingia kwa fundi wa majeneza. Alinitazama juu mpaka chini akasema, "Karibu Bibi, umekuja kupima?"

Baada ya vurugu ile ndipo chuo kikuu na polisi wakakaa meza moja. Walitiliana saini kwamba watafiti wataingia kituoni, wawaone askari wanavyofanya kazi, na wataingia sokoni pia, watusikilize sisi. Mjukuu wangu alipanda lile lori lao la bluu miezi sita. Akitoka huko anakuja kukaa nasi juu ya makreti ya nyanya. Siku moja nilikuwa napinda sketi, nikamwuliza amegundua nini.

"Nimeandika kurasa mia na ishirini, Bibi. Ila kwa kifupi, nyinyi mliogopa kwa sababu hamkujua wao wanataka kufanya nini. Na wao waliogopa kwa sababu hawakujua nyinyi mnataka kufanya nini."

"Kurasa mia na ishirini?"

"Mia na ishirini na mbili, na picha."

"Hilo hata fundi wa majeneza alilijua."

"Alilijua," akasema, "ila hakuliandika."

Mtoto ana mdomo. Nashukuru Mungu, sijui kautoa wapi.

Basi wakapanga jambo. Tukiandamana tena, askari kumi na wawili wasiovaa kofia wala kushika rungu watembee nasi tangu mwanzo wa safari. Kazi yao ni kuzungumza tu. Wakubwa wao wakitaka kufunga barabara, wao watuambie kwa nini. Sisi tukitaka kusimama tupumzike, wao wawaambie wakubwa kwenye redio ya upepo. Wakawaita askari wa mazungumzo. Watavaa nguo za nyumbani, na juu yake kizibao cha rangi moja ili wajulikane.

Mkuu wa kituo, mtu mmoja mpana mwenye sauti ya kuamsha wafu, alikubali kwa shingo upande. "Siku moja," alimwambia mjukuu wangu. "Nakupa siku moja. Mambo yakinichanganyikia hata kidogo, narudi kwenye kofia zangu, na nyinyi wa chuo mkusanye karatasi zenu mwende."

Kazi ya mwaka mzima, yote imewekwa kwenye asubuhi moja. Mjukuu wangu alikonda. Nilimpunguzia nguo kiunoni mara mbili mwezi ule, na mara ya pili pini zilikuwa zinakutana.

Vizibao wakaniletea mimi nishone. Walikuwa wamefanya utafiti wa rangi pia! Waliuliza watu mia nne rangi gani haiwatishi. Bluu ni ya polisi, kijani ni ya mgambo wa mji, nyingine zote vyama vya siasa vimeshazigawana. Ikabaki zambarau. Nikanunua jora zima, kwa sababu jora zima ni rahisi kuliko kukata, fundi yeyote atakuambia. Nikashona kumi na viwili, mifuko miwili mbele. Maandishi ya POLISI WA MAZUNGUMZO yalikuja kutoka chuo yamechapwa kwenye vibandiko vya kunata.

"Niachie nivishonee," nikasema.

Kijana wa chuo aliyevileta akatabasamu kwa adabu. "Havihitaji uzi, Bibi. Unabandua karatasi, unabandika. Ni vya kisasa."

Nikairudisha sindano kwenye kopo. Mteja akishasema kisasa, fundi hana neno.

Wiki haikuisha, akaja Kipaza. Mama huyu ndiye kiongozi wetu sokoni, anauza ndoo na mabeseni, na jina hilo tulimpa kwa sababu hajawahi kuhitaji kipaza sauti. Alikuja amejiinamia, ananong'ona, yaani watu wa barabara ya pili tu ndio waliomsikia.

"Bibi Cherehani, nataka vizibao kumi na viwili. Vya waongozaji wetu. Mwaka huu tunaandamana kwa mpango, hakuna mtu kutoka mstarini. Lakini iwe siri, wasijue wa upande ule."

"Rangi gani?"

"Yoyote, alimradi si ya chama."

Sasa hapa nieleweke. Mimi nimeshona miaka arobaini na moja kwa kanuni moja, kwamba mteja hamjui mteja. Nimewahi kumshonea bi harusi, na wiki hiyo hiyo nikamshonea yule aliyeachwa, wote gauni la kuvaa kwenye harusi ile ile, na hakuna aliyesikia habari za mwenziwe mdomoni mwangu. Fundi akianza kusema, mkasi wake utashika kutu. Na pale chini ya meza kulikuwa na nusu jora ya zambarau inanikodolea macho. Kusema kweli wazo lilinipitia kichwani. Nikajiambia, vile vya polisi vina maandishi, nani atachanganya? Nikakata. Mishono ile ile, mifuko miwili mbele.

Siku ikafika, Jumatano, jua la saa tatu limeshakaza. Tulikuwa kama mia tatu tukitoka sokoni, tunaimba, tunapiga mabeseni ya Kipaza. Askari wa mazungumzo walikuja wamevaa suruali na mashati ya kawaida, vizibao juu, wanacheka kwa aibu kama wakwe wapya. Waongozaji wetu nao wakajitokeza na vyao. Watu wakaangaliana kidogo. Mwenye pupa akasema ndivyo ilivyopangwa, mwenye kuona haya hakuuliza, tukaondoka.

Hatukufika nusu ya njia, jasho na jua vikafanya kazi yao. Kibandiko cha kwanza kilijikunja pembeni. Cha pili kikaanguka nikakikanyaga mimi mwenyewe. Tulipoikaribia njia panda ya benki hapakuwa na maandishi tena mgongoni kwa mtu. Palikuwa na vizibao ishirini na vinne vya zambarau, na mshonaji anavihesabu kutoka nyuma.

Mkuu wa kituo alikuwa amesimama kwenye gari la wazi na darubini. Mjukuu wangu yupo pembeni yake, ameshika daftari kifuani. Lori la bluu limeegeshwa nyuma ya benki, lile la wenye kofia, wameamriwa wasishuke.

Nilimsikia kabla sijamfikia.

"Kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja! Mimi nilitoa kumi na wawili! Hawa wengine nani?"

"Afande, labda..." mjukuu wangu akaanza.

"Labda nini? Wameghushi vizibao vya polisi! Nimeshindwa kujua mtu wangu ni yupi! Hii ndiyo nilikuambia, mambo yakinichanganyikia." Akashika redio. "Lori, jiandaeni kushuka."

Nikaona uso wa mjukuu wangu ukizimika kama taa. Hakulia, hakubishana. Alifunga daftari lake tu, taratibu. Na mimi najua, kwa sababu nimemlea, kwamba akifunga kitu taratibu hivyo ndiyo imekwisha.

Kanuni ya miaka arobaini na moja ikanitoka palepale. Nikasogea mpaka kwenye tairi la gari.

"Mwanangu, weka hiyo redio. Hakuna aliyeghushi. Nimeshona mimi."

"Umeshona nini?"

"Vyote. Vyako kumi na viwili, vya soko kumi na viwili. Jora moja."

Kipaza alikuwa keshafika, maana hajawahi kukosa penye makelele. Yeye na mkuu wa kituo wakanigeukia kwa pamoja, wakasema kwa pamoja:

"Umewavalisha nguo yetu?"

"Nimewavalisha kitambaa changu," nikasema. "Kilibaki. Mlitaka nikitupe?"

"Bibi Cherehani!" Kipaza akashika kichwa. "Nimetembea kilomita mbili nimevaa kama polisi!"

"Na polisi wangu wamevaa kama wauza mabeseni!" mkuu wa kituo akasema.

"Wauza mabeseni wana ubaya gani?" Kipaza akauliza.

"Mama, sijasema wana ubaya."

"Umesema kwa sauti ya ubaya."

Mjukuu wangu alikuwa hasikilizi. Alikuwa anatazama njia panda. "Afande," akasema polepole, "chukua darubini. Yule pale kwenye kona, anayewapanga akina mama wapite pembeni ili gari la wagonjwa lipate njia. Huyo ni wako?"

Mkuu akatazama. "Wangu huyo. Kazi nzuri. Mafunzo hayo."

Kipaza akachungulia. "Huyo ni muuza samaki wa meza ya nne."

Mkuu akaisogeza darubini. "Na yule anayepigiwa kelele na mzee, ametulia tuli, anaitikia kwa kichwa tu?"

"Huyo simjui," Kipaza akasema. "Wetu hawana subira hiyo."

"Ni koplo wako, afande," mjukuu wangu akasema. "Mzee anamweleza habari za choo cha soko. Ni dakika kumi na tano sasa. Na yule mwingine amembebea mama kikapu, na hata mimi sijui ni wa nani. Saa nzima watu wametembea. Hakuna jiwe. Tumefika njia panda ile ile ya mwaka jana, na watu wanauliza maji ya kunywa yako wapi."

Redio ikakwaruza. "Mkuu, lori liko tayari. Tushuke?"

Nikalishika lile tairi, kana kwamba nikilishika lori nalo halitasogea.

Mkuu wa kituo aliitazama redio, akaitazama barabara. Huko barabarani koplo alikuwa ametoa kalamu, anaandika maneno ya yule mzee kiganjani mwake kwa kukosa karatasi.

"Kaeni," akasema kwenye redio. "Vueni na hizo kofia, jua kali."

Tukapita njia panda ya benki tunaimba. Fundi wa majeneza alitoka mlangoni na randa mkononi akanipungia. "Leo hupimi, Bibi?" "Leo sifi!" nikamjibu. Tulipofika ofisi ya mji, mkubwa mmoja alishuka ngazi mwenyewe, akapokea barua yetu kwa mikono miwili, akaisoma mbele yetu, akasema mafundi wa mabomba wataanza Ijumaa. Kipaza alimwambia Ijumaa ya wiki gani, aandike. Akaandika.

Watu wakaanza kutawanyika wanacheka. Lakini mjukuu wangu alikuwa amekaa kwenye ngazi, daftari wazi, ameshika shavu.

"Una nini tena, mke mwenzangu? Si mmefaulu?"

"Sijui, Bibi! Ndiyo tatizo. Imekwenda vizuri, lakini siwezi kusema ni kwa sababu ya askari wa mazungumzo, au ya waongozaji wa soko, au ya kuchanganyika. Umeniharibia kipimo chote. Nitaandika nini?"

Mkuu wa kituo alikuwa nyuma yake, anajifuta jasho. "Unamaanisha huna jibu?"

Mjukuu akasimama. Nilimwona akikusanya ujasiri wa kusema ukweli wake, hata kama utamgharimu. "Sina, afande. Siku moja hainipi jibu."

"Mwaka mzima, na huna jibu." Akavuta pumzi, lile tumbo likapanda likashuka. "Basi utapewaje siku moja? Tutarudia. Yanakuja maandamano ya walimu, ya madereva, watu wa mji huu hawaishiwi hasira. Njoo Jumatatu tupange mwaka mzima. Na huyu mama wa mabeseni umlete, nataka waongozaji wake wafundishwe pamoja na wangu. Yule muuza samaki nimempenda."

Mjukuu wangu alipiga ukelele. Msomi wa chuo kikuu, mbele ya ofisi ya mji, akaniinua mimi mzima na nyonga zangu, akanizungusha mara mbili, namwambia nishushe mwehu wewe, utanivunja, naye hasikii.

Aliponishusha, Kipaza na mkuu wa kituo walikuwa wameshaanza.

"Jumatatu nitakuja," Kipaza anasema, "ila zambarau ni yetu. Nyinyi tafuteni nyingine."

"Mama, zambarau tumeifanyia utafiti. Watu mia nne!"

"Mimi hao mia nne nawauzia ndoo, nitawauliza upya."

"Bibi," mjukuu akaninong'oneza, "wanagombana, tuwaamue?"

"Waache," nikamwambia, nikamshika mkono tuondoke. "Hao wameshaanza kugombana kama watu wa nyumba moja."