Shamba la Kando ya Mfereji

Katika ofisi ya maji pale Morogoro mjini, Winfrida ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote, na sauti yake ilikuwa ndogo vilevile. Kazi yake ilikuwa kusoma takwimu za setilaiti mbili zinazofuatana angani. Mahali penye maji mengi ardhini huwa pazito, napo huivuta setilaiti ya mbele kabla ya ile ya nyuma. Umbali kati yao hubadilika kidogo mno, na kwa badiliko hilo wataalamu hukadiria kama maji ya nchi yameongezeka au yamepungua.

Mwaka 2005 ramani iliyochorwa kwa takwimu hizo ilizidi kuwa nyekundu, rangi ya ukame, mwezi hata mwezi. Mkuu wake, mzee Stambuli, alimwonya. "Mwanangu, mizani hiyo inapima gunia, haipimi punje. Doa moja hapo linaanzia Dodoma linaishia pwani."

Winfrida aliitikia kwa kichwa. Lakini Jumapili, alipopanda milimani juu ya Mkuyuni na kumkuta mama yake mdogo, Martina, ameinamia miche ya kabichi kando ya mfereji, huruma ilimshinda.

"Mama mdogo, usijitaabishe. Mfereji utakauka."

"Nani kasema?"

"Chombo cha angani."

Martina alicheka. "Mimi kinanijulia wapi?"

"Kinaijua nchi yote."

Basi Martina akaamini, maana huyo ndiye msomi wa ukoo. Miche akaigawa kwa majirani.

Kweli vuli haikunyesha. Huko nyikani ng'ombe walikufa, na mjini umeme ukawa wa mgawo. Lakini mfereji ule, unaolishwa na ukungu wa msituni, ulipungua tu, haukukatika. Walanguzi wa Dar walipofika Mkuyuni na malori yao, kabichi za majirani ziligombewa. Kwa Martina kulikuwa na magugu.

Na kwa Waluguru, kabila lao, shamba ni la ukoo. Likilala, ukoo huliamsha kwa mkono mwingine. Mjomba Kasimiri, mkuu wa ukoo, alimpa shamba hilo Dominiko, mwanaukoo mwingine.

Winfrida aliposikia, alipanda mlima mbio.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Najua kilichokuleta."

"Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemkataza asilime."

"Basi nikukabidhi wewe? Mikono yenyewe laini kama maandazi!" Waliokuwapo walicheka. Kisha mzee akashusha sauti. "Dominiko ameshapanda, mwanangu. Nimng'olee miche yake?"

Winfrida aliaga, akaenda kwa Martina.

Martina alimpikia ugali na mboga, wala hakumlaumu hata kwa neno moja. Heri angemlaumu.

"Nimebaki na kile kipande cha juu, kinachongoja mvua," alisema Martina. "Haya, msomi wetu, chombo kinasemaje? Masika itanyesha?"

Alikuwa hatanii. Alikuwa anauliza kwa imani ileile ya mara ya kwanza, ili apate kujua la kufanya.

"Sijui, mama mdogo," alisema Winfrida, na machozi yakamlenga. "Kwa kweli sijui."

Martina akamsogezea bakuli la mboga.

"Kula, kisha twende tukalime," alisema. "Kule juu ni mbali, na mawe yake ni mengi."